Historia ni kuuliza: toka Wagiriki wa zamani mpaka kiwanja cha ndege cha Luano

Kila mwaka, wakati tarehe 17 mwezi wa kwanza inakaribia, maneno yanaanza tena ku Luano. Mmoja anasema Lumumba alikuwa amekwisha kufa ndani ya ndege mbele haijatua. Mwingine anasema hapana, alishuka akiwa mzima. Wa tatu anasema alitoroka, kisha wanakijiji wakamuua mu pori. Na kila mmoja anafunga maneno kwa njia moja: "Mzee wangu njo aliniambia." Hapo mabishano yanaisha, sababu nani atasimama kusema mzee wa mwenzake ni muongo?

Ndugu wasomaji wetu wa Haut-Katanga na wa majimbo mengine ya mashariki, leo tunaeleza kitu kimoja: namna gani mtu anaweza kupima habari ya zamani, ajue ipi ni ya kushika na ipi ni ya kuacha. Hii kazi iko na umri mkubwa. Karibu miaka 2.500 iliyopita, Wagiriki wachache waliifanya na wakaandika pia namna walivyoifanya. Tutaanza na wao, kisha tutarudi hapa kwetu, ku kiwanja cha ndege, kuona kama njia yao inatusaidia.

Neno lenyewe linatoka wapi

Tunasema "historia", na watoto shuleni wanasema "histoire". Ni neno la Kigiriki. Kwa Wagiriki wa zamani, maana yake ya kwanza haikuwa "mambo ya zamani". Ilikuwa "kuuliza", "kuchunguza". Mtu wa historia alikuwa mtu mwenye kuuliza.

Mbele yao, watu walikuwa wanajua zamani kupitia nyimbo na mashairi. Mwimbaji aliimba vita ya mababu, miungu ikiingia katikati, na hakuna mtu alimuuliza: wewe ulijua wapi? Kubwa lenye wanahistoria walileta ni hili swali. Ulijua wapi? Nani alikuambia? Yeye alikuwa pale?

Hérodote: mwenye kuandika yote aliyoambiwa

Wa kwanza ni Hérodote. Alizaliwa karibu mwaka wa 484 mbele ya Kristo, mu mji wa Halicarnasse. Leo ile pahali inaitwa Bodrum, iko mu Uturuki. Aliandika juu ya vita kati ya Wagiriki na ufalme mkubwa wa Uajemi, ile vita ya Marathon mwaka wa 490 na ya Salamine mwaka wa 480. Wakati zile vita zilipiganwa, yeye alikuwa hajazaliwa bado, ao alikuwa mtoto mdogo. Basi alifanya kitu gani? Alisafiri na kuuliza. Alifika Misri, akapanda mto Nil mpaka Elephantine, karibu na Aswan ya leo. Aliuliza makuhani, wafanyabiashara, wazee wenye baba zao walipigana.

Watu wengine wanamcheka Hérodote, sababu kitabu chake kimejaa hadisi za ajabu. Lakini yeye mwenyewe alieleza sheria yake: kazi yake ni kuandika kile watu wanasema, lakini hakuna mtu anamlazimisha kukiamini. Kwa hiyo mara nyingi anakupa habari mbili, tatu, za watu mbalimbali, kisha anakuambia ipi inamuingia na ipi haimuingii.

Kuko mfano mmoja wenye mtu wa Lubumbashi ataelewa haraka kuliko mtu wa Ulaya. Hérodote anaandika kwamba mfalme wa Misri, Neko, karibu mwaka wa 600 mbele ya Kristo, alituma mabaharia Wafoinike kuzunguka Afrika yote na mashua. Walishuka kupitia Bahari Nyekundu. Njiani walisimama, wakapanda nafaka, wakangoja mavuno, kisha wakaendelea. Mwaka wa tatu wakafika tena Misri, wakiingilia upande wa magharibi. Waliporudi, walisema kwamba wakati walikuwa wanazunguka Afrika, jua lilikuwa ku mkono wao wa kuume. Hérodote akaandika: hii mimi siiamini.

Sasa, simama hapa kwetu mwezi wa sita, saa sita ya mchana, uangalie magharibi. Jua liko wapi? Limeinama upande wa kaskazini, maana yake ku mkono wako wa kuume. Ku Ugiriki hakuna siku hata moja jua la saa sita linakuwa kaskazini. Njo maana Hérodote hakuamini. Lakini wale mabaharia, kama kweli walipita chini ya Afrika wakielekea magharibi, lazima waliona vile. Ile neno yenye yeye alidharau njo leo inafanya wataalamu wengi kufikiri kwamba ile safari labda ilifanyika kweli.

Fundisho liko wazi. Kama Hérodote angefuta ile neno kwa sababu hakuiamini, sisi tungeikosa. Mwenye kukusanya habari haruhusiwi kutupa maneno ya shahidi kwa sababu tu hayamfurahishi. Anayaandika, kisha anasema wazi yeye anafikiri nini.

Thucydide: mwenye kupima mashahidi

Wa pili ni Thucydide, mtu wa Athènes. Yeye alizaliwa karibu mwaka wa 460, na aliandika vita yenye aliona na macho yake: vita kati ya Athènes na Sparta, yenye ilianza mwaka wa 431 na kuisha mwaka wa 404 mbele ya Kristo. Alikuwa hata jenerali katika ile vita. Mwaka wa 424 alitumwa kuokoa mji wa Amphipolis, akafika akachelewa, mji ukaanguka. Watu wa Athènes wakamfukuza, akakaa uhamishoni miaka 20. Yeye mwenyewe anasema ule uhamisho ulimsaidia: aliweza kusikia watu wa pande zote mbili, si wa upande wake peke yake.

Wale wenye wameona vita hapa mashariki wanajua hii neno ni kubwa. Ukikaa upande mmoja wa mstari, unasikia habari moja. Ukivuka, unasikia nyingine kabisa, na kila upande unaapa.

Thucydide alieleza shida ya mashahidi kwa wazi. Watu wenye walikuwa pahali pamoja, siku moja, hawaelezi kitu kimoja. Moja, kila mtu iko na upande anaoupenda. Mbili, akili ya kukumbuka haiko sawa kwa kila mtu. Basi yeye hakuchukua neno la mtu wa kwanza aliyekutana naye. Alilinganisha. Na aliongeza lawama kwa watu wote: wengi hawapendi kujisumbua kutafuta ukweli, wanachukua tu habari yenye iko karibu na mkono. Angekuwa na telefone yenye WhatsApp, sijui angesema nini.

Alitoa mfano wa mji wake mwenyewe. Watu wa Athènes walikuwa wanasifu vijana wawili, Harmodios na Aristogiton, kama mashujaa waliomuua mtawala mbaya, mwaka wa 514, na kuleta uhuru. Thucydide akasema: mnakosea. Yule waliyemuua, Hipparque, hakuwa mtawala. Mtawala alikuwa mkubwa wake, Hippias, na yeye alibaki akitawala baadaye. Tena sababu ya mauaji ilianza na mambo ya mapenzi na aibu ya jamaa, si siasa. Alionyesha mpaka maandishi yaliyochongwa juu ya jiwe kama ushahidi. Fikiri namna ile inauma: kuambia mji wako kwamba shujaa wenu hakufanya kile mnaimba. Lakini alifanya vile akiwa na jiwe la kuonyesha.

Kuko pia ile sehemu ya ugonjwa. Mwaka wa 430 ugonjwa mkali uliingia Athènes. Thucydide mwenyewe aliugua, akapona. Hakusema sana ni nani aliuleta. Aliandika alama zake moja moja: joto ya kichwa, macho mekundu, koo, tumbo, kiu. Alisema anafanya vile ili siku ingine ugonjwa ukirudi, watu waweze kuutambua. Aliona pia kwamba wenye walipona ugonjwa haukuwaua tena, na kwamba wao njo walikuwa na huruma zaidi kwa wagonjwa. Wasomaji wetu wa Beni na Butembo, wenye walipita katika Ebola ya 2018 mpaka 2020, watakumbuka namna waliopona walivyosaidia kulea watoto wa wagonjwa. Miaka 2.400 katikati, na jambo ni lile lile.

Polybe: toka nje ya nyumba

Wa tatu ni Polybe. Alizaliwa karibu mwaka wa 200 mbele ya Kristo. Mwaka wa 167 Waroma walimchukua mateka pamoja na Wagiriki wengine karibu 1.000. Kule Roma alitumia nafasi ile kuelewa namna mji mmoja uliweza kutawala karibu dunia yote waliyoijua.

Polybe alimsema vibaya mwandishi mwingine, Timée, mwenye alikaa Athènes karibu miaka 50 akisoma vitabu na kuandika juu ya vita na inchi zenye hakuziona. Polybe mwenyewe, kusudi aandike juu ya Hannibal, jenerali wa Carthage mwenye alivuka milima ya Alpes na jeshi lake, alienda kupita ile njia na miguu yake na kuuliza wakaaji wa pale. Na wakati Waroma walibomoa Carthage, mwaka wa 146, yeye alikuwa pale akiangalia. Kwake, mwanahistoria anapaswa kusoma maandiko, kuona pahali, na kuelewa mambo ya serikali na ya vita. Akikosa kimoja, kazi yake inachechemea.

Tuchukue hii njia, twende ku Luano

Sasa turudi ku kiwanja chetu cha ndege. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 1961, ndege DC-4 ilitua Luano mbele ya saa kumi na moja ya magharibi. Ndani mlikuwa Patrice Lumumba, mwenye alikuwa waziri wa kwanza wa Kongo, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Asubuhi walitolewa ku kambi ya Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, wakapitishwa Moanda, kisha wakaletwa Élisabethville, yaani Lubumbashi. Katanga wakati ule ilikuwa imejitenga toka tarehe 11 mwezi wa saba 1960, chini ya Moïse Tshombe.

Habari ngapi zilitolewa juu ya kile kilifuata? Tuzipange moja moja, kama vile Hérodote angefanya.

Habari ya kwanza ilitoka kwa serikali ya Katanga. Tarehe 10 mwezi wa pili 1961 ilitangaza kwamba wafungwa wametoroka. Tarehe 13, waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, akaita waandishi wa habari, akasema wanakijiji wamewaua, na kwamba jina la kijiji halitasemwa. Ile habari njo ingali inasikika mpaka leo mu midomo ya watu wengine.

Habari ya pili ni ya tume ya Umoja wa Mataifa, iliyotoa ripoti mwezi wa kumi na moja 1961. Tume haikuweza kufika Kongo. Lakini ilikuwa na ushahidi wa askari wachache wa UN, Waswidi, wenye walikuwa zamu ku Luano ile siku. Wao waliona toka mbali: watu watatu wakishushwa, wamefungwa macho na mikono nyuma, wa kwanza akiwa na ndevu ndogo, wakapigwa, wakatupwa ndani ya gari, wakapelekwa. Tume ikakataa ile habari ya kutoroka. Ikasema wale watatu, kwa kila alama, waliuawa ile ile siku ya 17, ndani ya nyumba karibu na mji, mbele ya wakubwa wa Katanga.

Habari ya tatu ilikuja mwaka wa 1991, katika kitabu cha Jacques Brassinne na Jean Kestergat. Brassinne ni Mbelgiji mwenye alikuwa akifanya kazi hapa Élisabethville wakati wa ile secession. Aliuliza mashahidi wengi, Wabelgiji na Wakongo, na alileta mambo mengi ya saa na ya pahali. Lakini mwisho wake alisema ilikuwa hasa kesi ya Wakongo kati yao.

Habari ya ine ni ya Ludo De Witte, Mbelgiji pia. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1999. Yeye alifungua maandiko ya serikali ya Ubelgiji na ya UN, akaonyesha barua na telegramu, na akasema wakubwa wa Ubelgiji walikuwa ndani ya ile kazi toka mwanzo mpaka mwisho.

Kile kitabu kilisukuma bunge la Ubelgiji kuweka tume yake, na wanahistoria ndani. Ilitoa ripoti mwezi wa kumi na moja 2001. Ilikubali kwamba wafungwa walipelekwa kwanza ku nyumba ya Mbelgiji mmoja, Brouwez, si mbali na kiwanja cha ndege, wakateswa pale. Kisha usiku wakapelekwa mu pori, karibu kilometa 50 toka mji, wakapigwa risasi mbele ya saa ine ya usiku. Wakubwa wa Katanga walikuwa pale, na maofisa Wabelgiji wachache pia. Tume ikasema wakubwa wengine wa Ubelgiji wako na jukumu la kiutu. Mwezi wa pili 2002, serikali ya Ubelgiji ikaomba musamaha.

Kupima sasa

Tuchukue swali la Thucydide: nani aliona, na kila mmoja alikuwa na faida gani?

Lumumba alikufa ndani ya ndege? Walipigwa sana njiani, hilo mashahidi wengi wanakubaliana. Lakini askari Waswidi waliona watatu wote wakishushwa wazima. Wao hawakuwa watu wa Tshombe wala watu wa Lumumba. Hawakuwa na faida ya kudanganya. Mashahidi wa nyumba ya Brouwez pia wanasema walimuona mzima. Ile habari inaanguka.

Wanakijiji walimuua? Mwenye aliitangaza ni ile serikali yenye ilikuwa na wafungwa mu mikono yake, na alikataa kusema kijiji. Hakuna shahidi wa peke yake aliyeitia nguvu. Inaanguka pia.

Waliuawa ndani ya nyumba? Angalia vizuri hapa, sababu hapa njo kuko fundisho kubwa. Tume ya UN ilipata siku kamili, ilikataa uongo wa kutoroka, lakini pahali pa kufia haikupata sawa. Ilifanya kazi ikiwa mbali, juu ya maneno ya watu wenye walisikia. Miaka mingi baadaye, wakati wenye walikuwa pale walisema na maandiko yakafunguliwa, pahali pakajulikana: mu pori, upande wa Shilatembo. Polybe angetikisa kichwa. Yeye alisema: nenda uone pahali.

Na Brassinne na De Witte? Wote wawili wanakubaliana karibu juu ya saa, pahali na majina mengi. Wanatofautiana juu ya swali la nani alitaka. Mmoja alisikiliza zaidi watu, na wengi kati yao walikuwa wamefanya kazi ku Katanga kama yeye mwenyewe. Mwingine alisoma zaidi barua. Shahidi wa mdomo anaweza kujiosha. Barua yenye iliandikwa ile ile wiki haijui kwamba siku moja itasomwa. Lakini barua nayo haikuambii namna mtu alilia. Unahitaji vyote viwili.

Kuko shahidi wa mwisho, na yeye ni wa kutisha. Gerard Soete, polisi Mbelgiji, mu miaka ya mwisho ya 1990 alikubali mbele ya kamera kwamba yeye njo alitumwa kuharibu miili, kwa kukata na kwa asidi. Alikuwa amechunga meno. Jino moja lilichukuliwa na mahakama ya Ubelgiji mwaka wa 2016, likarudishiwa jamaa mjini Bruxelles tarehe 20 mwezi wa sita 2022. Lilipitishwa Shilatembo pia, likazikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi wa sita 2022. Wale walioharibu miili walitaka pasibaki kitu cha kuuliza. Kilibaki.

Sisi pia tuko na wanahistoria wetu

Mtu asifikiri kwamba kuuliza zamani ni kazi ya Wagiriki na Wazungu tu. Waluba walikuwa na lukasa, ubao mdogo wenye shanga na michongo. Watu wa chama cha mbudye walijifunza kuusoma na vidole, shanga moja kwa moja: wafalme, safari, pahali patakatifu. Ule ulikuwa mukanda wa kushika kumbukumbu, na haukuwekwa mu mkono wa kila mtu. Ulikuwa na masomo yake.

Mu mji huu huu, mwaka wa 1965, mtu anayeitwa André Yav aliandika kitabu kidogo mu Kiswahili cha kwetu, "Vocabulaire ya mji wa Élisabethville", kwa ajili ya chama cha watu wenye walifanya kazi ya boyi ku nyumba za Wazungu. Kinaeleza mji kutoka chini: bwana alikuwa namna gani, kazi ilikuwa namna gani, mishahara ilikuwa namna gani. Mwaka wa 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikitoa tena pamoja na tafsiri. Wakubwa wa kampuni waliacha ripoti; Yav na wenzake waliacha sauti ya jikoni. Mwenye kutaka kujua Élisabethville ya kweli asome pande zote mbili.

Kuko pia Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji mwenye alizaliwa hapa mwaka wa 1947. Mu 1973 na 1974 alichorea Fabian picha karibu mia moja za historia ya inchi, na kila picha alieleza mu Kiswahili, sauti ikarekodiwa. Lumumba yuko ndani mara nyingi. Yeye alijiita mwanahistoria. Katika picha zake kuko kile aliona, kile alisikia, na kile aliwaza. Ukizisoma, fanya kama na Hérodote: usitupe, lakini uliza.

Na maprofesa? Mwaka wa 1961, ule ule mwaka, Jan Vansina, mwenye alifanya utafiti kwa Wakuba wa Kasai, alitoa kitabu juu ya mapokeo ya mdomo. Alisema neno la wazee linaweza kuwa ushahidi wa kweli, kama unafuata mnyororo: nani aliambia nani, na kila mmoja alikuwa na faida gani. Hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, toka mwaka wa 2000, watafiti kama Donatien Dibwe dia Mwembu walianza kukusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji katika kazi inayoitwa Mémoires de Lubumbashi.

Kwa nini ni jambo la leo

Mtu atasema: Lumumba amekwisha kufa, Wagiriki wamekwisha kufa, hii inatuletea unga? Jibu letu ni hili. Mu 1992 na 1993, hapa Katanga, maneno ya "nani ni mwenyeji na nani alikuja juzi" yalifukuzisha maelfu na maelfu ya ndugu wenye asili ya Kasai. Ku Likasi na Kolwezi jamaa zilalala ku gare zikingoja treni, na wengine walifia pale. Waliosema ile historia hawakuulizwa swali hata moja. Kama wangeulizwa "ulijua wapi?", karatasi za zamani zingejibu: ni kampuni, Union Minière du Haut-Katanga, yenye ilienda kutafuta wafanyakazi mbali, Rhodesia, Rwanda-Urundi, Kasai. Babu wa yule unayemfukuza aliletwa kuchimba shaba.

Mu majimbo mengine ya mashariki ni vile vile. Ugomvi mwingi wa mashamba na wa usultani unasimama juu ya habari ya zamani yenye hakuna mtu aliipima. Historia mbaya inaua watu. Nzuri haifufui mtu, lakini inaweza kuzuia mkono.

Maswali matano ya kutumia nyumbani

Mwenye alikuwa na miaka 15 ile siku ya Luano, leo ni mzee wa karibu miaka 80. Wamebaki wachache. Kama uko na mzee nyumbani, mkalie karibu, kwa heshima, na uulize hivi.

Kwanza: papa, mama, ulikuwa pale wewe mwenyewe, ao uliambiwa? Akisema aliambiwa si vibaya. Andika jina la mwenye alimuambia.

Pili: ulikuwa umesimama wapi, na uliona nini kutoka pale? Mtu mwenye alikuwa ku soko hawezi kuona ndani ya nyumba.

Tatu: nani mwingine alikuwepo? Kisha tafuta yule, umuulize bila kumuambia wa kwanza alisema nini.

Ine: wa upande mwingine wanasema namna gani? Hapa wengi wanaogopa. Thucydide ilimpasa miaka 20 ya uhamisho kusudi asikie wa upande mwingine. Wewe inaweza kukupasa kuvuka barabara tu.

Tano: kuko karatasi, picha, kitambulisho cha kazi, kaburi, jiwe? Usitupe ile valizi ya zamani yenye iko chini ya kitanda mbele hujaifungua.

Andika tarehe ya siku ulipouliza, na jina la mwenye alijibu kama anakubali. Rekodi sauti na telefone, kisha chunga pahali pawili, sababu telefone inaibiwa. Na kama mzee anasema jambo lenye huamini, usilifute. Andika vile amesema, kisha pembeni andika: mimi hii haijaniingia, sababu ni hii. Mtoto wako ataisoma siku moja, na labda yeye ataona jua liko ku mkono gani.